Kula bata mashambani Italia: chagua mkoa mmoja utulie

Watu wengi wakishapata viza ya Schengen wanataka Roma, Florence na Venice ndani ya siku sita, wanarudi na picha elfu na miguu imevimba. Mi nakwambia chagua mkoa mmoja, tafuta shamba moja, lala hapo siku nne tano hivi.

Neno la kutafuta mtandaoni ni agriturismo. Hilo ni shamba kweli, sheria yao inataka mwenyewe awe mkulima kwanza, wageni ni nyongeza, kwa hiyo mafuta ya zeituni utakayowekewa mezani mara nyingi yametoka kwenye miti unayoiona dirishani. Ila uliza kabla ya kulipa kama wanapika chakula cha jioni maana wengine ni chai ya asubuhi tu, afu kiangazi wengine hawakupi chini ya wiki nzima.

Mkoa gani sasa? Toscana ndo maarufu, lile bonde la Val d'Orcia liliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2004 na ukifika utaelewa, vilima vimelala kama shuka, na pale Pienza kuna jibini ya maziwa ya kondoo, pecorino, we acha tu. Mkate wao hauna chumvi, usidhani mpishi kasahau. Ukitaka utulivu zaidi nenda Umbria, hapo jirani. Kusini kuna Puglia, nyumba za mawe zenye mapaa ya umbo la pia kule Alberobello, na burrata, jibini laini ambayo ukiikata krimu inamwagika sahanini. Nenda Mei au Juni, au Septemba wakivuna zabibu. Katikati ya Agosti achana nako, ni joto na Waitaliano wenyewe wako likizo.

Gari lazima ukodi, basi za vijijini chache na Jumapili ndo kabisa. Kama leseni yako si ya Ulaya beba na kibali cha kimataifa cha kuendeshea. Afu kuna kitu kinaitwa ZTL, yani eneo ambalo magari yasiyo na ruhusa hayaingii, utaona kibao cheupe cha duara chenye mzunguko mwekundu mlangoni mwa mji wa kale, ukipita bila ruhusa kamera inakupiga na faini inakufuata nyumbani miezi baadaye ushasahau hata rangi ya gari. Paki nje ya ukuta, tembea.

Sasa msosi, na hapa wageni wengi wanaumia. Mchana jiko linafunguliwa kama saa sita na nusu na likifika saa nane na nusu wanafunga, jioni hawafungui tena hadi saa moja na nusu au mbili. Mi nilishafika kijiji kimoja saa tisa kasorobo na njaa ya kufa mtu, mzee wa mgahawa akanionyesha saa ukutani huku anatabasamu, nikala biskuti kwenye gari. Nyama nayo: ile bistecca ya Toscana bei ya kwenye menyu mara nyingi ni ya etto, yani gramu 100, na kipande chenyewe kinaweza kuzidi kilo. Ukiona euro 6 ukashangilia, kipande cha kilo moja na gramu 200 ni euro 72, piga hesabu kabla hujaitikia. Coperto kwenye bili ni hela ya kukaa mezani, usigombane nao. Na kama huli nguruwe shika neno maiale, uliza kila sahani, maana mafuta yake (strutto) yanaingia hadi kwenye mikate.

Ukiwa na siku ya ziada panda hadi upande wa Parma au Reggio Emilia ukaone Parmigiano inavyotengenezwa. Kama lita 550 za maziwa zinatoa jibini moja tu, na haiuzwi kabla ya miezi 12. Wanaume wawili wanaizamia kwenye sufuria la shaba, wanainyanyua na kitambaa maji yanachuruzika, ni kama wanavua samaki. Weka miadi mapema na uamke alfajiri, kazi yote ni ya asubuhi, ukijivuta kitandani utakuta washaanza kuosha sakafu.