Sensei Abaki Mwanafunzi: Mazoezi ya Mwalimu wa Karate

Kinachomshusha sensei, yaani mwalimu wa karate, mara nyingi si umri. Darasani anahesabu, anasahihisha, anaonyesha teke mara mbili mwili ukiwa bado baridi, kisha anaendelea kuzunguka. Saa nyingi zinapita dojoni, ukumbi wa mazoezi, naye mwenyewe hajatoa jasho. Kwa hiyo anza kwa kutenga muda wako: dakika 45, mara tatu kwa wiki, bila wanafunzi. Uweke kabla ya darasa. Baada ya darasa umechoka, na daima yupo mzazi anayetaka kuzungumza.

Chagua kata moja, yaani mfululizo uliopangwa wa hatua na mapigo, ukae nayo miezi mitatu, na isiwe ya juu. Gichin Funakoshi, mzaliwa wa Okinawa wa mwaka 1868 aliyepeleka karate Tokyo mwaka 1922, alitumia kama miaka kumi kwenye kata tatu za Tekki peke yake. Kwa wa Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate, kata ya mwanzo ya Heian Shodan inatosha kabisa. Ina hatua 21, haina mruko wala teke, hivyo mkanda mweusi hana pa kujificha.

Wiki mbili za kwanza ifanye polepole, bila nguvu, ukishughulikia miguu tu. Kwenye zenkutsu dachi, msimamo mrefu wa goti la mbele lililokunjwa, upana uwe kama wa nyonga zako, urefu takriban mara mbili ya upana wa mabega, na uzito kidogo zaidi ya nusu, kama asilimia 60, uwe mbele. Kisigino cha nyuma kikiinuka, usikibane chini kwa nguvu, tafuta sababu. Ama umesimama kwa urefu unaozidi uwezo wa kifundo chako, ama goti la nyuma limelegea. Tazama pia vidole vya mguu wa nyuma. Vikielekea pembeni kabisa, nyonga haigeuki mbele ikafika, na ngumi inabaki kusukumwa na bega. Goti la mbele nalo lifuate uelekeo wa vidole. Likizoea kuangukia ndani, ni gegedu ya goti inayoumia, na wanafunzi wataiga kosa hilo kabla ya kuiga ubora wowote ulio nao.

Wiki ya tatu hamia mikononi. Katika gedan barai ya kwanza, kinga ya mkono unaofagia kwenda chini, ngumi ianzie juu ya bega la upande wa pili, kiganja kikielekea sikio, iishie takriban sentimita 15 juu ya goti la mbele. Walimu wengi huianzia kifuani kwa sababu ya haraka ya kuonyesha, na mkono unakosa njia ya kukusanya nguvu. Kisha ifanye kata nzima kinyume, kulia kuwe kushoto. Utajikwaa, na hapo ndipo utajua ni hatua zipi ulikuwa umezikariri tu bila kuzielewa. Mwezi wa mwisho tafuta mwenzako akushike mkono na kukushambulia kweli, ili kila hatua ipate kazi yake.

Jirekodi mara moja kwa wiki. Simu iwe usawa wa kiuno, umbali wa mita nne, upande mmoja na mbele. Andika kosa moja tu daftarini, ulifanyie kazi hilo hadi wiki ijayo. Ukiorodhesha kumi hutarekebisha hata moja.

Darasani kwenyewe kuna tabia mbili za kuacha. Ya kwanza ni kuhesabu huku ukipiga: pumzi iliyopaswa kutoka na ngumi imeshaishia kwenye namba. Mpe mwanafunzi mwandamizi ahesabu. Ya pili ni kuonyesha kila kitu kwa upande wako mzuri. Anza na upande dhaifu, hata kama utaonekana mzito. Ni mafunzo kwao pia.

Gumu kuliko yote ni kusahihishwa. Angalau mara moja kwa mwezi simama kwenye mstari chini ya mwalimu mwingine. Kama karibu hakuna aliyekuzidi, nenda kwenye judo, au kwenye Goju-ryu, mtindo mwingine wa karate, ufunge mkanda mweupe wa anayeanza. Sanchin dachi, msimamo wa Goju-ryu, itakuonea mwanzoni: ni fupi, vidole vinaelekea ndani, na misimamo mirefu uliyoizoea haikusaidii. Usimweleze mwalimu wa pale jinsi mnavyofanya kwenu. Itikia “Osu” au “Hai,” yaani ndiyo, kulingana na desturi yao, ufanye anachosema.

Mwanafunzi akikuuliza matumizi ya hatua usiyoielewa, mwambie, “Sijui, tutaijaribu,” na kipindi kijacho muijaribu kweli wawili wawili, polepole kwanza. Ukibuni jibu papo hapo, atalibeba na kuwafundisha wengine.

Magoti yakianza kulalamika, fupisha msimamo ila usiuinue wima, na mae geri, teke la mbele, lilenge tumbo, likirudi haraka kama lilivyokwenda. Teke la kichwani linalokulaza mgongo nyuma halina uzito, na linaumiza kiuno bure.