Kuandika makala kwa haraka bila kupunguza ubora wake

Kinachochelewesha makala nyingi ni mwandishi kuanza kuandika kabla hajajua anataka kusema nini. Kabla ya aya ya kwanza, andika sentensi moja inayojibu swali hili: msomaji akimaliza kusoma, atakuwa amejua jambo gani ambalo awali hakulijua? Sentensi kama "Nitaeleza kuhusu usingizi" haitoshi, kwa sababu haikuonyeshi cha kuacha. Lakini "Msomaji aelewe kwa nini kahawa ya jioni humnyima usingizi" inakuonyesha papo hapo mifano ya kutafuta na maelezo yasiyohitajika. Ukishaipata, andika rasimu nzima kwa mkupuo mmoja bila kurudi nyuma kusahihisha, na ukifika penye tarehe au takwimu usiyo na uhakika nayo, weka alama ya kuuliza kisha uendelee, kwani kusimama kwenda kuitafuta ndiko hasa kunakokata mtiririko wa mawazo. Utangulizi uandike mwisho, ukiwa tayari unajua unachokitambulisha. Baada ya kupumzika kidogo, isome rasimu kwa sauti: sentensi inayoukwamisha ulimi ndiyo ya kurekebishwa kwanza.