Panda kinachonyauka, nunua kinachodumu

Nafasi ikiwa ndogo, usipande kila kitu. Panda mboga za majani, kwa sababu zikichumwa hunyauka siku hiyohiyo, na mche mmoja huchumwa tena na tena. Viazi na vitunguu viachie soko: hukalia ardhi miezi mitatu au zaidi, huvunwa mara moja, na vikinunuliwa hudumu.

Mboga hizo zipande kwenye gunia lililojazwa udongo; la kilo 50 linatosha kuanzia. Liweke kabisa mahali litakapokaa, penye jua kwa saa zisizopungua sita, maana likijaa halibebeki. Changanya ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Iliyoiva hainuki, na ukitia mkono ndani husikii joto.

Wengi hukwama kwenye maji. Gunia la udongo mtupu hulowa juu tu: miche ya juu inaoza, ya chini inakauka. Kwa hiyo weka nguzo ya kokoto katikati. Toa kitako cha kopo kubwa, lisimamishe katikati ya gunia, jaza kokoto ndani yake na udongo kuzunguka, kisha livute juu taratibu hadi libaki limezama vidole viwili. Jaza tena, vuta tena, mpaka karibu na mdomo wa gunia. Udongo usiushindilie.

Mwagilia, acha siku mbili utitie, ongeza uliopungua. Toboa matundu ubavuni kila sentimita 20, kwa kupishanisha mistari ili mche usiufunike ulio chini yake. Panda jioni miche ya wiki nne hadi sita. Mzizi uingie umenyooka. Ukipinda kama ndoana, mche hudumaa na hutajua kwa nini.

Kujua kama maji yanafika, ingiza kidole kwenye tundu la chini kabisa. Pakiwa pakavu, mimina zaidi kwenye kokoto.

Chuma majani ya chini, ubakize matano juu. Majani ya chini yakianza kupauka manjano huku mche ukidumaa, mara nyingi chakula kimepungua: tandaza samadi juu. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, hujificha mgongoni mwa jani. Nyunyiza jioni maji ya sabuni, kijiko kidogo kwa lita, na usizidishe kwani sabuni nayo huunguza.

Ukiingia bustani ya jamii, uliza kwanza maji yanatoka wapi na nani anamwagilia mwenzake akisafiri. Udongo mzuri bila jibu la hilo ni bure. Faida iliyo wazi ni mbegu: pakiti moja hutoa miche kupita mahitaji ya nyumba moja, basi gawaneni.

Sokoni, cha kupika leo kinunue jioni wauzaji wanapofunga, hapo bei hulegea. Cha kuweka kinunue asubuhi, ukichague kimoja kimoja. Kitunguu kibonyeze shingoni, ikibonyea, hakitakaa.