Jinsi ya kudai fidia ya bima nyumba yako ya kupangisha inapoharibika

Bomba likipasuka usiku na maji yakafika kwa jirani, mengi huamuliwa kabla hujashika fomu ya madai.

Zuia hasara kwanza. Funga maji, zima umeme, watoe watu mahali pa hatari. Hati nyingi za bima humtaka mwenye nyumba asiache uharibifu uendelee. Dari ikivuja wiki nzima bila kuguswa, hasara iliyoongezeka huenda isilipwe. Lakini kuzuia si kutengeneza. Funika paa kwa turubai, kuezeka upya kusubiri. Piga picha kabla ya kusafisha: chumba kizima, kila kilichoharibika, kisha chanzo chenyewe. Kipande cha bomba kilichopasuka usikitupe, ni ushahidi. Tunza risiti za kazi ya dharura.

Siku hiyohiyo wapigie bima, kisha waandikie. Ikiwa ni wizi au uharibifu wa makusudi, toa pia taarifa polisi.

Sasa tenganisha mambo, kwa sababu hapa ndipo madai mengi hukwama. Rangi iliyopauka na bawaba zilizochakaa ni gharama zako. Bima hailipi uchakavu, wala si haki kumkata mpangaji amana kwa ajili yake. Mlango alioubomoa yeye ni suala la amana, na utalithibitisha kwa orodha ya hali ya nyumba mliyotia saini siku alipoingia. Bila orodha hiyo, ni neno lako dhidi ya lake. Ajali ya ghafla ndiyo unayoipeleka bima. Samani za mpangaji kwa kawaida hazimo katika bima ya jengo, na anastahili kuambiwa hivyo anapotia saini mkataba, si baada ya moto.

Kwenye fomu eleza tarehe, saa na ulichokiona. Kama chanzo hukijui, andika hukijui. Kubuni kunaweza kukukosesha fidia yote. Ambatisha picha, makadirio ya fundi na risiti. Kama bima yako inagharamia kodi iliyopotea, weka na mkataba wa pango.

Mkadiriaji hasara, yule anayetumwa na bima kukagua na kupima hasara, akija, uwepo, umwonyeshe kila kitu. Jiandae kwa swali la thamani: hati nyingi hupunguza fidia kwa uwiano iwapo jengo lilikatiwa bima chini ya thamani yake. Jengo la milioni 100 lililokatiwa milioni 60, likipata hasara ya milioni 20, huenda likalipwa milioni 12, tena kabla ya kutoa sehemu ya hasara ambayo hati inakutaka ubebe mwenyewe.

Jirani au mgeni akidai umemsababishia hasara au jeraha, mpe pole na umsaidie apate matibabu, ila usiandike kwamba kosa ni lako wala usiahidi malipo kabla ya kuwasiliana na bima. Barua yake ya madai wapelekee mara moja. Swali zito litakuwa kama ulijua ubovu ule ukanyamaza, hivyo hifadhi ujumbe wa wapangaji na kumbukumbu za siku fundi alipokuja.

Ukipewa hati ya kukubali malipo, tazama kama imeandikwa ni malipo ya mwisho. Kama kazi ya ndani ya ukuta bado haijakadiriwa, usisaini. Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi zikitaja kifungu cha hati, kisha ukate rufaa ndani ya kampuni kabla ya kwenda kwa mamlaka inayosimamia kampuni za bima au mahakamani.