Kuwasha injini ya mvuke pale Threlkeld

Ukija kujitolea kwenye makumbusho yetu ya machimbo huku Cumbria, Uingereza, usikimbilie kiberiti. Maji kwanza. Fungua koki ya kioo cha kipimo, kile kinachoonyesha kiasi cha maji ndani ya boila, maji yamwagike, kisha uifunge utazame: yasiporudi juu upesi, moto hauwashwi. Sir Tom, injini yetu ya treni, ni ya 1926, na boila yake haipashwi kwa pupa. Anza na kuni, makaa baadaye, chuma kipate joto taratibu. Nampenda mno mzee huyu, sitaki apate ufa.

Mvuke ukiendelea kupanda, mwenzako akague njia na kukaza nati za reli. Wewe tia oili. Kabla ya kuondoka fungua koki za silinda. Maji yakibaki humo, pistoni huweza kupasua kifuniko. Jaribu breki, ndipo upige filimbi.