Meiji Jingu: msitu wa kupumulia katikati ya Tokyo

Kama Tokyo imekuchosha, panda treni ya JR Yamanote ushuke Harajuku. Ukivuka daraja la nje ya stesheni unakutana na torii, lango kubwa la mbao, na kelele zinabaki nyuma yako. Hapo ndipo Meiji Jingu, hekalu la Shinto, dini ya asili ya Wajapani. Kiingilio ni bure. Hekalu hufunguliwa jua linapochomoza na kufungwa linapozama, hivyo saa hubadilika kila mwezi. Nenda alfajiri. Siku tatu za mwanzo wa mwaka usijaribu kabisa, labda kama unapenda kusukumana na mamilioni.

Ukiutazama msitu ule utaapa ni wa tangu enzi na enzi, kumbe ulipandwa kwa mikono. Hekalu lilizinduliwa 1920 kumuenzi Mfalme Meiji na mkewe Shoken, na miti kama 100,000 ikatolewa zawadi kutoka pande zote za Japani. Msitu ulipokuwa bado unapangwa, waziri mkuu wa wakati ule, Okuma Shigenobu, alitaka sugi, miti mirefu iliyonyooka ya mahekalu ya kale. Wataalamu wakamgomea: sugi haitahimili moshi wa jiji. Wakachagua mialoni na mikafuri isiyopukutisha majani yote kwa mpigo, ijiotee yenyewe. Hadi leo majani yanayofagiwa njiani hurudishwa msituni. Mimi huwa nasimama kuwatazama wafagiaji wale kuliko hata jengo lenyewe, ambalo liliungua kwa mabomu 1945 na kujengwa upya 1958.

Adabu zake si ngeni kwa aliyelelewa kupiga hodi. Inama kidogo langoni, tembea pembeni mwa njia, maana katikati ni pa mungu wao. Kwenye birika la maji ya kunawia, nawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Wanaosali hutupia sarafu, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena. Wewe Muislamu au Mkristo, hakuna atakayekulazimisha. Simama kando kwa utulivu, inatosha. Usipige picha ndani ya ukumbi wa ibada, na msafara wa harusi ukipita, wapishe.

Njia kwa sehemu kubwa ni ya changarawe. Kigari cha mtoto kitakutoa jasho. Heri umbebe mgongoni kwa kanga.