Draiva za chipseti: lini usasishe, lini uziache

Wengi wanaoniletea kompyuta na kuniuliza kama wasasishe draiva za chipseti, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuzitambua na kuzitumia chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine, huwa wameshaingiwa na hofu. Wamepekua vifaa ndani ya Windows wakakuta draiva ya chipseti ya Intel ina tarehe ya 18/7/1968, wakaona mashine imepitwa na wakati kabisa. Tulia. Intel ilianzishwa tarehe 18 Julai 1968, nao wameiweka tarehe hiyo makusudi. Windows ikikuta draiva mbili zinazokifaa kifaa kimoja kwa kiwango sawa, huchukua yenye tarehe ya karibuni. Faili nyingi za Intel za aina hii kazi yake ni kukipa kifaa jina lake tu, kwa hiyo wamezizeesha ili zisije zikaiondoa draiva nyingine inayofanya kazi halisi. Tarehe hiyo basi isikusukume kufanya lolote.

Anza kwa kuitazama mashine yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Orodha ya vifaa itafunguka. Ukiona alama ya mshangao ya njano, hasa pembeni ya jina kama "SM Bus Controller" au "PCI Device", hapo jibu ni ndiyo: weka draiva za chipseti leo. Hali hii huonekana sana kwenye kompyuta iliyotoka kuwekwa Windows upya. Orodha ikiwa safi, USB zinasoma, mashine inalala na kuamka vizuri, na prosesa ni ya Intel ya miaka kadhaa nyuma, mimi siigusi.

Kwa AMD, watengenezaji wa prosesa za Ryzen, nina msimamo tofauti. Kifurushi chao cha chipseti hubeba vitu vinavyogusa mwendo wa prosesa. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, prosesa za Ryzen zilipungua kasi. Sababu moja ni kwamba mfumo haukuwa ukipeleka kazi kwenye koo (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) zenye kasi zaidi, na dawa yake ilikuja ndani ya draiva mpya ya chipseti mwezi huohuo. Ryzen 9 7950X3D nayo ina koo 16 zilizogawanyika makundi mawili, na ni kundi moja tu lenye kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya ziada. Draiva ya chipseti ndiyo inayosaidia michezo ielekezwe kwenye kundi hilo. Mwenye prosesa ya namna hiyo asiipuuze hata kidogo. Mwenye Ryzen ya kawaida asome maelezo ya toleo jipya. Kama hayataji prosesa yake wala tatizo alilonalo, asubiri.

Wanaotumia Linux badala ya Windows hawana shughuli hapa, kwa kuwa draiva hizo huja pamoja na keneli, yaani kiini cha mfumo wenyewe.

Ukishaamua kusasisha, andika msinfo32 palepale ulipoandika devmgmt.msc, usome jina kamili la madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Pakua faili kutoka tovuti ya aliyetengeneza madabodi, au AMD na Intel wenyewe. Kwa laptopu, nenda kwa aliyeitengeneza laptopu. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo nakuomba sana uziepuke, maana huweza kukuwekea draiva isiyo ya kifaa chako, halafu usijue ni ipi iliyoharibu.

Kabla ya kuweka chochote, tengeneza sehemu ya kurejea: tafuta "restore point" kwenye menyu ya Windows. Usiunganishe kazi hii na kusasisha BIOS (programu ya madabodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows) siku hiyohiyo, la sivyo hitilafu ikitokea hutajua imeletwa na nini. Laptopu iwe kwenye chaji. Ukimaliza, washa upya, rudi kwenye orodha ya vifaa, jaribu USB zote, sauti na kulala kwa mashine. Kitu kikigoma, andika rstrui kwenye kisanduku kilekile cha Windows na R, uchague sehemu ya kurejea uliyotengeneza.